Bunduki za kuwindia wanyama hatari

Bunduki za kuwindia wanyama hatari ni bunduki zenye mtutu mpana zinazotumika kupiga tembo, nyati, kiboko na simba. Risasi zake ni nzito ili zipenye ngozi nene na mifupa hadi kwenye moyo au ubongo.

Aina

Risasi zinazojulikana sana ni .416 Rigby (1911) na .375 H&H Magnum (1912) kutoka Uingereza, pamoja na .458 Winchester Magnum (1956) kutoka Marekani. Bunduki ya mitutu miwili hupiga mara mbili bila kukokiwa tena.

Nchini Tanzania

Nchini Tanzania kipenyo cha chini kwa wanyama hao ni inchi 0.375 (milimita 9.5). Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009.

Bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, lina viboko na mamba. Usiku viboko hutoka majini kula majani na huweza kuingia mashambani. Kiboko aliyepigwa kwa gobore au bunduki ndogo huweza kujeruhiwa tu, akawa hatari zaidi kwa wavuvi na wakulima. Kwa sababu hiyo kazi hiyo ni ya askari wa wanyamapori.