Ujumbe wa Msalaba Mwekundu (Kigoma)

Barua fupi isiyofungwa, ya kuwaunganisha ndugu waliotenganishwa na vita. Hubeba habari za kifamilia tu. Siasa na mambo ya jeshi hayaruhusiwi. Askari mateka nao wanalindwa: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unataka, hata barua zikiwekewa kikomo, zisipungue 2 na kadi 4 kwa mwezi. Mkoani Kigoma huduma hii imewafaa wakimbizi wa Burundi na Kongo, hasa kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996. Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu Tanzania humwandikia asiyejua kuandika, humtafuta mpokeaji, kisha hurudisha jibu. Uvumilivu wao ndio uti wa mgongo wa kazi yote. Siku hizi wakimbizi huweza pia kupiga simu za bure.