Difu loki katika mito ya mchanga ya Kitui na Makueni

Difu loki ni kifaa kinachofunga magurudumu mawili ya ekseli moja ili yazunguke kwa kasi ileile. Difu ikiwa wazi, magurudumu hutofautiana kasi na gari hukata kona vizuri, lakini hugawiwa nguvu sawa; moja likikosa mshiko, la pili nalo hupata nguvu kidogo mno, na gari hukwama. Huko Ukambani kifaa hiki husifiwa kuwa dawa ya mchanga wa mito ya msimu kama Tiva na Thwake. Sifa hiyo imetiwa chumvi. Katikati ya mto magurudumu yote hukanyaga mchanga uleule laini, hivyo kupunguza upepo wa matairi husaidia zaidi. Faida kubwa ya difu loki iko kingoni, penye makorongo ya mmomonyoko, gurudumu moja linapoelea hewani.

Wapo wanaosema breki za kielektroniki, zinazozuia gurudumu linaloteleza, zimeipiku difu loki. Lakini mfumo huo husubiri gurudumu liteleze kwanza, na kwenye kingo legevu mtelezo mfupi tu huchimba shimo. Hoja nzito zaidi dhidi ya difu loki ni ya usukani: difu ya mbele ikifungwa, gari hukataa kona, na juu ya lami kavu vyuma hujikaza hata kuvunjika. Kwa hiyo ifungwe kabla ya kikwazo, gari likienda polepole, na kufunguliwa mara baada yake. Dhidi ya mafuriko haifai kitu. Katika mto Enziu, Mwingi, zaidi ya watu 30 walikufa basi lao liliposombwa tarehe 4 Desemba 2021. Maji yakifunika daraja, dereva asivuke.