Ain Shams: Mji wa Jua Uliofukiwa

Ndugu msomaji, ukielekea kaskazini-mashariki ya Cairo utaingia Matariya na Ain Shams, mitaa iliyojaa watu, majumba yamesongamana na masoko yamefurika. Mgeni atadhani ni mahali palipoanza jana. La hasha! Hapo palikuwa na mji wa kale mno, ambao Wayunani waliuita Heliopolis, yaani Mji wa Jua.

Wenyeji wake waliliabudu jua kwa jina la Ra. Mafirauni walilijengea mahekalu na kusimamisha minara ya jiwe moja, ambayo Waarabu huiita misalla, yaani sindano kubwa. Mmoja wa minara hiyo, wa Senusret wa Kwanza, ungali umesimama Matariya baada ya miaka ipatayo 3,900, na urefu wake wapita mita 20.

Mingine iko wapi? Miwili ya Thutmose wa Tatu ilipelekwa na Warumi Iskandaria. Kisha mmoja ukasimamishwa London mwaka 1878, na wa pili New York mwaka 1881. Mawe ya mahekalu nayo yalibebwa, yakajengea Cairo.

Mwaka 640, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), Amr bin al-Aas (R.A.) alilishinda jeshi la Warumi hapo Ain Shams. Baadaye akaasisi Fustat, mji uliotangulia Cairo.

Basi mwezi wa Machi 2017, katikati ya nyumba za Matariya, wachimbuzi walitoa matopeni vipande vya sanamu kubwa mno. Wataalamu wanasema ni ya Firauni Psamtik wa Kwanza. Aliyetukuzwa kwa jiwe alikuwa amelala ndani ya maji machafu, na juu yake watu wanapita kwenda sokoni.

Zingatia, ewe msomaji. Qur'ani inatukataza kulisujudia jua, na inatuamuru tutembee tutazame khatima ya waliotutangulia. Jua lingali linachomoza kwa amri ya Mola wake. Walioliabudu ndio waliotoweka. Lakini tutatazama nini ikiwa magofu yenyewe tunayafukia kwa takataka na kuyajengea juu, kama inavyotokea Matariya? Watu wanahitaji nyumba, hilo ni kweli. Lakini anayefuta athari za kale huwanyima watoto wake ibra. Waonyeshe wanao kilichosalia mtaani kwako kabla hakijatoweka.