2G, 4G au 5G: Ipi inamaliza chaji haraka, na kwa nini spika hukoroma simu ikikaribia?

Ibada inaendelea, mara spika zinaanza: "diri-diri-diri, drrrr". Sekunde chache baadaye simu ya mtu aliyekaa karibu na amplifaya inaita. Watu wanageuka kumtazama.

Wengi wanajua kuwa mlio huo unatoka kwenye simu. Wasichojua ni kwamba mlio huo na chaji inayoisha haraka vina uhusiano wa karibu: vyote vinatokana na nguvu ambayo simu inatumia kuufikia mnara.

Hilo ndilo la kuangalia kabla ya kufuata ushauri wa mtaani wa "weka 2G tu, chaji itakaa". Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini si kwa kila simu wala kila mahali. Na kwa mtu ambaye simu ndiyo pochi yake, ikizima njiani hawezi kulipa nauli, kupokea pesa wala kuomba msaada.

Chaji inakwenda wapi?

Simu ikiwa imetulia mfukoni bado ina kazi. Inasikiliza kama kuna anayepiga, inapima mnara upi una nguvu na kila baada ya muda inautaarifu mtandao kuwa bado ipo.

Mnara ukiwa karibu, simu inatumia nguvu kidogo. Ukiwa mbali, au simu ikiwa ndani ya jengo lenye kuta nene, inalazimika kupandisha nguvu, kama mtu anayepaza sauti ili asikike ng'ambo ya mto.

Hali mbaya zaidi ni pale mtandao haushiki kabisa. Simu inatafuta mnara, inakosa, inatafuta tena. Ndiyo maana simu iliyolala bila kuguswa kwenye eneo lisilo na mtandao inaweza kuamkia chaji ikiwa imeshuka sana.

Kwenye simu ya laini mbili, kila laini inatafuta mnara wake. Laini moja ikiwa haina mtandao, inaendelea kula chaji hata kama ile nyingine inashika vizuri.

2G inasaidia lini?

Inasaidia pale 4G inaposhika na kupotea. Simu ikiwa inaruka kutoka 4G kwenda 3G, kisha 2G, kisha inarudi tena, kila kuhama kunatumia umeme. Ukiibakiza kwenye 2G iliyo imara, inatulia. Maeneo mengi ya vijijini 2G hutumia masafa ya megahezi 900, ambayo husafiri mbali na kupenya kuta vizuri kuliko masafa ya juu.

Kwa mtu anayehitaji kupiga, kutuma SMS na kutumia huduma za pesa zinazoanza kwa nyota na kumalizia na reli, 2G inatosha kabisa.

Tatizo linaanza ukiwasha data. Chukua picha ya megabaiti 2. Kwa kasi ya kilobiti 200 kwa sekunde inachukua sekunde 80 hivi kupakuliwa. Kwa kasi ya megabiti 10, hazifiki sekunde 2. Muda wote huo redio ya simu iko kazini. Kwa hiyo mtu wa WhatsApp na video akijifungia kwenye 2G anaweza kumaliza chaji zaidi, na bado picha hazijafunguka.

Na 5G?

Kampuni za simu zilizindua 5G kwa wateja Kenya na Tanzania mwaka 2022. Mitandao mingi ya 5G duniani ilianza kwa kuegemea 4G, yaani simu inashikilia mitandao yote miwili kwa pamoja, na hilo linaongeza matumizi ya chaji. Kama 5G ya eneo lako ni ya kubahatisha, 4G mara nyingi ndiyo chaguo bora.

Jambo jingine ni simu za sauti. Kama simu au laini yako haiwezi kupiga kupitia 4G, huduma inayoitwa VoLTE, basi kila unapopiga au kupokea inashuka kwanza hadi 3G au 2G, halafu inapanda tena baada ya maongezi.

Kwa nini spika hukoroma?

Simu ya 2G haitumi mawimbi mfululizo. Mnara hugawa muda katika vipande 8, na kila simu hutuma kwenye kipande chake tu. Matokeo yake, simu inawaka na kuzima mara 217 hivi kila sekunde.

Kila inapowaka, kwenye megahezi 900 inaweza kufikisha wati 2. Simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Waya wa spika au wa maikrofoni hunasa mapigo hayo kama antena, amplifaya inayakuza, na kwa kuwa mapigo 217 kwa sekunde yako ndani ya uwezo wa sikio la binadamu, yanasikika kama mkoromo.

Mlio unatangulia kuita kwa sababu simu hujibizana na mnara kwanza, ndipo kengele inalia. Unakuwa mkali zaidi pale mtandao ulipo dhaifu, kwa kuwa simu imepandisha nguvu. Ukiusikia mara kwa mara ukiwa na simu ya 4G, ni dalili kwamba simu inashuka 2G.

Kwa spika, huo ni usumbufu tu. Kwa mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichowekwa mwilini ni suala la usalama: ushauri ni kuiweka simu angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, kwa hiyo isikae mfuko wa kifuani.

Cha kufanya

• Mtandao ukishika vizuri, acha 4G. Kama simu ina VoLTE, iwashe.

• 4G ikiwa inakatika-katika na huhitaji data, ingia Mipangilio, kisha mitandao ya simu, uchague 2G. Ukirudi mjini, kumbuka kurudisha.

• Zima kwa muda laini ambayo haina mtandao hapo ulipo.

• Ukiwa safarini kwenye eneo lisilo na mtandao kabisa, washa hali ya ndegeni. Usiisahau, maana hakuna atakayekupata.

• Spika zikikoroma, sogeza simu mita moja au mbili kutoka kwenye waya, maikrofoni na amplifaya. Kuizima sauti hakusaidii, kwa sababu mawimbi bado yanatoka.

Kabla ya kulaumu betri, basi, angalia alama za mtandao juu ya kioo. Zikiwa chache muda wote, betri mpya nayo itaishiwa chaji haraka vilevile.