Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino: athari za kiafya
Athari za kiafya za mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino ni madhara ya mwili na akili yatokanayo na ukatili ulioshamiri Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, tangu miaka ya 2000, kwa uchochezi wa wapiga ramli waliodai viungo vya watu hao huleta utajiri. Baadhi ya walionusurika walipoteza mikono. Lakini hofu iliwapata hata wasioguswa na panga, na watoto walitenganishwa na wazazi, wakahifadhiwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga. Mtu atasema muuaji mkubwa wa watu wenye ualbino ni saratani ya ngozi. Ni kweli, ila anayeogopa kusafiri peke yake huchelewa kufika kliniki, na saratani haingoji. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli waliochochea mashambulizi hayo Januari 2015.