Somo la Radio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Kutoka Sanduku la Bandarini Hata Mshika Usukani wa Kompyuta

Fungueni kurasa hizi, mfuatishe maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Leo nitawaelezeni jinsi watu walivyozifundisha kompyuta kujipanga zenyewe kazini. Na habari hii inaanza bandarini.

Zamani meli ilipakiwa gunia kwa gunia na pipa kwa pipa. Makuli walibeba mizigo mabegani, na meli ilikaa gatini siku nyingi. Basi tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alipeleka meli iitwayo Ideal X kutoka Newark mpaka Houston, ikiwa na masanduku 58 makubwa ya alumini. Watu wakapiga hesabu. Kupakia tani moja ya shehena ya kawaida kuligharimu karibu dola 6. Kwa masanduku yale kuligharimu kama senti 16 tu! Siri yake ilikuwa nini? Sanduku lilikuwa na kipimo kimoja. Winchi haiulizi kama ndani mna kahawa au viatu, yainua tu. Lakini kumbukeni pia kwamba makuli wengi walikosa kazi kwa sababu hiyo.

Haya, sasa tuingie katika kompyuta. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kila programu inahitaji vitu vyake, kama mpishi anavyohitaji sufuria na mwiko. Zamani fundi aliziandaa kompyuta kwa mkono, moja moja. Programu iliyofanya kazi vizuri kwake, ikipelekwa kwingine, ilikataa. Tena, mambo aliyoyafanya yalibaki kichwani mwake. Akiugua au akihama, nani atajua alifanya nini?

Dawa ya kwanza ilikuwa maandishi. Mwaka 1993, Mark Burgess, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, alitunga chombo kiitwacho CFEngine. Fundi aliandika hali anayotaka kompyuta ziwe nayo, nacho chombo kikazirekebisha mpaka zikafanana na maandishi.

Dawa ya pili ilikuwa sanduku. Mwezi wa Machi 2013, huko Marekani, Solomon Hykes aliwaonyesha watu chombo kiitwacho Docker. Programu hutiwa pamoja na vitu vyake vyote katika sanduku moja, nalo huitwa kontena, kwa mfano wa yale ya bandarini. Alama ya Docker ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni.

Lakini makontena yakiwa maelfu, nani atayapanga? Kampuni ya Google ilikwisha kuwa na chombo chake cha kazi hiyo, jina lake Borg. Mwezi wa Juni 2014 ilitangaza kingine, ikakitoa wazi kwa watu wote: Kubernetes. Neno hilo ni la Kiyunani, maana yake mshika usukani. Mwezi wa Julai 2015 Google ilikitia chini ya Linux Foundation, kisiwe mali ya kampuni moja.

Sikilizeni jinsi kinavyofanya kazi. Fundi huandika: nataka nakala 3 za programu hii zifanye kazi daima. Kubernetes huhesabu. Ikikuta 2, huanzisha ya 3. Kompyuta moja ikizimika saa nane ya usiku, huanzisha nakala nyingine katika kompyuta iliyo nzima, na fundi amelala. Maandishi yenyewe huwekwa katika daftari la pamoja, lionyeshalo nani aliandika na lini. Mwenzake huyasoma kwanza. Akikubali, mashine huyatekeleza yenyewe.

Je, hakuna hatari? Ipo, wala si ndogo. Mashine haijui kwamba umekosea. Ukiandika 30 badala ya 3, italeta 30, na gharama utalipa wewe. Fundi wa zamani akikosea aliharibu kompyuta moja. Wa leo akikosea mstari mmoja aweza kuharibu elfu kwa mara moja. Ndiyo sababu mwenzake husoma kabla ya mashine. Na kama kosa limepita, daftari huonyesha maandishi ya jana yalivyokuwa, yakarudishwa.

Basi, ndugu zangu, mwaona kwamba hata katika kazi hii ya mashine nyingi, usalama umo katika mtu aandikaye wazi na mtu asomaye kwa makini.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini sanduku la kipimo kimoja lilipunguza gharama? Nani walipata hasara?
2. Kuna hatari gani kazi ikibaki kichwani mwa mtu mmoja?
3. Katika kazi yako, ni jambo gani lingefaa kuandikwa, na nani alisome kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.