Mtukutu

Mtoto anayepanda meza, akavunja kikombe na kesho akarudia, tunamwita mtukutu. Neno hilo linatosha kwa utundu wa kawaida wa utotoni. Lakini ukaidi, hasira na ugomvi vikidumu miezi 6 au zaidi, vikavuruga nyumba na masomo, huenda huo ni ugonjwa. Chanzo chake si malezi pekee: upo urithi wa vinasaba, na kwa baadhi ya watoto sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa, huchelewa kukomaa. Tiba ya kwanza ni kuwafundisha wazazi kusifu jema papo hapo na kuweka kanuni chache zisizoyumba. Dawa husaidia zaidi wenye upungufu wa umakini. Kwa hiyo, mwalimu, weka fimbo chini. Mwite mzazi, mtoto apelekwe hospitali.